Mshiko wa Viganja Viwili

Mgeni alifika mvua ikiwa imeufunika mlima Rungwe wote, na maneno yake ya kwanza yalimchekesha mlinzi mpaka akaweka kikombe chini.

"Shikamoo baba. Nimeambiwa hapa ndipo penye mshiko."

"Marahaba mwanangu," alijibu Ipyana, akifuta macho kwa kiganja. "Huo mshiko ungekuwepo hapa, ungenikuta mimi getini nimejifunika nailoni?"

Mgeni hakucheka. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na ushei, amevaa koti la kiume lililolowa, na kifuani amekumbatia chupa ya chai kana kwamba ndani mna kifaranga. Aligonga mbavu zake za kulia kwa kidole.

"Mimi ninao tayari, baba. Nimekuja kutaka nitolewe."

Watu waliopanda mpaka Kituoni walikuja kuuomba Mshiko, tiba ya saratani iliyopatikana hapo tu, wengine kwa machozi, wengine na barua za wakubwa mkononi. Ipyana alikuwa hajapata kumwona aliyekuja kuurudisha.

Tusajigwe Mwakalinga aliyasikia hayo yote akiwa barazani. Tangu asubuhi alikuwa hajakaa. Kesho yake jopo la serikali lingepanda kutoka Dodoma kuamua kama Mshiko usambazwe nchi nzima, na yeye, mdogo kuliko wataalamu wote wa Kituo, alikuwa amepangwa kusimama mbele yao athibitishwe kuwa mkuu wa kliniki mpya ya Kyela. Alikuwa akiisema hotuba yake mbele ya vyungu vya maua, na kila alipofika penye neno "matumaini" ulimi ulimteleza.

"Mlete ndani, Baba Ipyana," alisema. "Analowa."

Mgeni alijitambulisha kuwa Subilaga, fundi cherehani wa Kyela. Alipopewa kiti alikaa, akasimama, akakaa tena. Muda wote vidole vyake vilikuna mikono, juu, chini, juu. Tusajigwe aliangalia macho yake haraka. Yalikuwa meupe, hayana hata dalili ya manjano.

"Unawashwa?"

"Siwashwi." Subilaga akaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine. "Nilipokuwa naumwa, nyongo ilipoziba, niliwashwa mpaka nikajikuna kwa gunzi la mahindi. Ugonjwa umetulia mwaka wa tatu sasa, lakini nikiwa na wasiwasi mikono inajikumbusha yenyewe."

Tusajigwe aliijua hali hiyo. Mama yake mdogo aliondoka hivyohivyo, wa manjano kama bizari, akiomba akunwe mgongo mpaka pumzi ya mwisho. Kwa ajili yake Tusajigwe alisoma alichosoma, na kwa ajili yake aliamini, kama wengine wanavyoamini Mungu, kwamba hakuna mgonjwa wa pili atakayehitaji kufa hivyo.

Subilaga aliifungua chupa ya chai. Ndani, badala ya chai, kulikuwa na barafu iliyokwisha kuyeyuka na kichupa kidogo cha zahanati chenye maji ya kuhifadhia. Ndani ya maji hayo kilielea kitu chekundu, laini, kidogo kama punje ya harage.

"Hiki ndicho kilichobaki cha mtoto wangu wa pili," alisema. "Wa kwanza naye alitoka vilevile, mwezi wa tatu haujaisha. Muuguzi wetu alinihifadhia nilipomwomba. Na sasa nina mwingine. Ana wiki sita, na tangu juzi naona matone ya damu. Nataka mtazame hiki mniambie kama ni Mshiko wenu unaoniangushia watoto."

"Dada, hukuambiwa usishike mimba bila kumwona daktari?"

"Nilimwona. Akaniambia nimshukuru Mungu niko hai."

Tusajigwe alikipokea kile kichupa kwa mikono miwili. Alitaka kusema neno la kutia moyo, lakini Subilaga alimkamata kifundo cha mkono.

"Niahidi kitu. Kidogo tu. Utakachokiona, niambie mimi kwanza, na ukiniambia unishike mkono. Habari zote za mwili huu nimeambiwa nikiwa nimesimama peke yangu kwenye korido. Na usinishike ukaachia kama watu wanaosalimiana. Unashika mpaka mimi niseme basi."

Lilikuwa ombi dogo mno, Tusajigwe hata akatabasamu.

"Nitashika mpaka wewe useme basi."

*

Kiini cha Mshiko kilikuwa rahisi, ndiyo maana watu walikipenda. Seli zilizotanda kwenye ukuta wa mfereji wa nyongo husimama bega kwa bega, zimeshikana mikono. Mikono hiyo wataalamu waliiita kadherini. Saratani inapoanza, seli huanza kuiachia mikono ya majirani zake, moja baada ya nyingine. Kisha huotesha mikono mingine, integrini, ya kukamatia ardhi na kujivutia mbele. Hapo uvimbe ambao ungekaa mahali pamoja ukapasuliwa hugeuka msafara. Seli hizo hupenda hasa kuzifuata neva, zikitambaa kandokando yake kama mtu anayefuata uzio gizani, mpaka zimefika pasipofikika kwa kisu.

Kituo hakikuziua. Kilizirudishia mikono. Punje ndogo kuliko vumbi la unga zilipandwa ndani ya ini, na kila alfajiri zilitoa dawa iliyoziamuru seli zishikane. Saratani ilibaki ndani ya mwili, lakini haikutembea. Wagonjwa walilima, walioa, walizeeka nayo.

Ila dawa ilisafiri na damu, na damu haina mipaka.

Tusajigwe alikikata kile kipande vipande vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, akavitia rangi inayozifanya kadherini zing'ae kijani, akainama juu ya hadubini. Alijua anachopaswa kukiona. Kondo la nyuma changa ni jambo la ajabu: seli zake za mbele huachia mikono, hufifia, hutembea, huzama ndani ya ukuta wa mji wa mimba na kufungua mishipa ya damu ya mama ili mtoto ale. Hufanya yaleyale yanayofanywa na saratani, kwa mikono ileile na njia ileile. Tofauti ni kwamba mtoto hujua mahali pa kusimama.

Lakini seli alizoziona hazikuwa zimefifia. Ziling'aa kijani mstari mzima, zimeshikana imara kama ua wa miti hai, mlangoni kwa mama, na hakuna hata moja iliyokuwa imeingia.

Aliisimamisha picha ile kwenye skrini ya ukutani. Pembeni yake ilikuwepo picha nyingine, kubwa, iliyoandaliwa kwa ajili ya jopo: mfereji wa nyongo wa mgonjwa aliyetibiwa, mstari wa kijani usiokatika. Aliipenda picha ile. Aliwahi kuiota. Sasa alisimama baina ya hizo mbili, na kama si maandishi ya chini asingejua ipi ni ipi.

Dokta Mwambene, mkuu wa Kituo, aliitwa, akaja na miwani yake mkononi. Alitazama bila kuuliza. Kisha akavuta kiti akakaa kwa uzito, kama mtu aliyefika kwenye msiba.

"Nani mwingine ameiona?"

"Mimi na wewe, Dokta. Namwambia yeye sasa hivi."

"Subiri, Tusa."

"Nimemwahidi."

"Subiri kwanza, mwanangu, nisikilize." Aliivaa miwani, akaivua. "Umesikia habari za Sekela? Hukumkuta. Alikuwa wa tisa kupandikizwa. Zikavuma habari sokoni kwamba Mshiko unagandisha damu. Uongo mtupu. Akatafuta fundi wa simu akauzima. Hazikupita siku nyingi macho yakageuka manjano. Nilimzika mimi, kaburi lake liko kule kwenye migomba. Ndiyo maana nikatengeneza yai, ufunguo wa watu wawili, ili mtu asiweze kuuzima peke yake akiwa na hofu. Leo tuna wanawake mia na zaidi wanaoweza kuzaa. Ukimwambia huyu, kesho Kyela nzima inajua. Wangapi watakuja kuzima? Na katika hao, wangapi watatembelewa na kile walichokilaza?"

"Na wangapi wameshaangusha mimba wakadhani wamerogwa?"

Dokta aliikunja miwani.

"Jopo likishapitisha," alisema kwa sauti ya chini, "tutaandika onyo. Kwa utaratibu, kwa maneno yaliyopimwa. Siku chache tu."

"Huyu ana matone tangu juzi, Dokta. Siku chache ndizo asizokuwa nazo."

Tusajigwe alitaka Dokta awe mtu mbaya. Ingekuwa rahisi. Lakini alimwona akilitazama dirisha linaloelekea kwenye migomba, akajua kwamba mtu huyu naye ameshika kitu ambacho hathubutu kukiachia.

*

Alimkuta Subilaga kwenye chumba cha wageni, ndizi za mbalaga alizoletewa zimepoa bila kuguswa. Alikuwa akitembea kutoka mlangoni hadi dirishani, akijikuna. Tusajigwe alimshika mkono kabla hajasema neno, na mkono ule ulipotulia ndani ya wake ndipo akasema.

Alimwambia yote. Alimwonyesha zile picha mbili, alizozichapa kwenye karatasi. Subilaga aliziangalia kwa muda, kichwa kikielekea upande huu na ule, kama anayekagua nguo iliyorudishwa na mteja.

"Kosa hili nalijua," alisema. "Wanafunzi wangu hulifanya. Unamwambia ashone ubavu wa suruali uliofumuka, naye anashona kwa bidii mpaka na mfuko anaufunga. Suruali haifumuki tena. Ila mkono hauingii."

"Ndivyo ilivyo, dada."

"Mlijua?"

"Hatukujua."

"Mliuliza?"

Tusajigwe alihisi masikio yakimwaka. "Hapana. Hatukuuliza."

Mkono wa Subilaga uligeuka mgumu ndani ya wake, lakini haukutoka. Mvua iligonga mabati. Chini bondeni mashine za kuchumia chai zilikuwa zinarudi bandani, taa zao zikipepesa ndani ya ukungu.

"Haya. Mkinifungua?"

"Kondo linaweza kushika mizizi. Naamini litashika. Likishazama vya kutosha, mimba ikifika miezi mitano hivi, tunaweza kuurudisha Mshiko na mtoto asidhurike. Lakini kwa muda huo wote, kilicholala kwenye ini hakitakuwa na wa kukishika. Kipimo chako cha mwisho kinaonyesha kiko jirani kabisa na neva. Kinaweza kulala. Kinaweza kuondoka siku ya kwanza."

"Nafasi yangu ikoje?"

"Sijui. Hakuna aliyewahi kufunguliwa akiwa na mimba. Nikikutajia namba nitakuwa nimeibuni."

"Na nisipofunguliwa?"

"Wewe utaishi. Yeye hataingia."

Subilaga aliomba ampigie mumewe. Sauti ya Lusajo ilijaa chumbani, imechanganyika na kuku na redio ya jirani. Alisikiliza mpaka mwisho, asikatize.

"Nyongo mkalia ini wangu," alisema hatimaye, na Subilaga akacheka kwa pua huku machozi yakimtoka. "Rudi nyumbani ulivyo. Mimi ninayemtaka ni wewe. Huyo mwingine simjui."

"Mimi namjua, Lusajo."

"Wiki sita tu!"

"Namjua. Wale wawili sikuwajua, waliniponyoka nikiwa sijawaza hata majina. Huyu ananitapisha nikisikia harufu ya mafuta ya cherehani. Ana maoni yake tayari."

Kule Kyela kuku waliendelea kugombana.

"Basi ukiamua," alisema Lusajo, sauti imepasuka, "usiniambie niwe na furaha. Niambie nije saa ngapi."

"Njoo kesho. Leta khanga kavu. Na usije na mama yako."

Simu ilipokatika alimgeukia Tusajigwe. "Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Swali hilo Tusajigwe alikuwa ameliogopa tangu maabara. Moyo wake mchanga ulitaka kusema: kubali kufunguliwa, itakuwa heri, mtoto atazaliwa na wewe utakuwepo. Aliliona neno "matumaini" likimjia tena ulimini. Alilimeza.

"Sijui, dada. Sitaki kukusaidia kuamua kwa kutojua kwangu. Ninachoweza ni kukaa hapa."

Subilaga aliutazama mkono wake uliokuwa ndani ya mkono wa msichana huyu. Haukuwa ukikuna kitu.

"Nifungueni," alisema.

*

Yai lilikuwa kipande cha chuma laini, umbo lake kama jina lake. Mgonjwa na mtumishi mmoja wa Kituo hulikumbatia kati ya viganja vyao viwili vilivyofumbatana, nalo husikiliza mapigo ya wote wawili. Huwaka jekundu. Polepole, punje moja baada ya nyingine inapozimika ndani ya ini, rangi hugeuka, na zote zikishazimika huwa kijani. Viganja vikiachana kabla ya hapo, punje zote huwaka upya na yai hujifunga kwa majuma mawili. Dokta Mwambene aliliunda hivyo kwa makusudi, ili mtu apate nafasi ya kujuta. Mkataba wa kila mgonjwa ulisema anaweza kujitoa siku yoyote anayotaka. Haukusema nani atakuwa radhi kuutoa mkono wake.

Walianza asubuhi, mara tu Lusajo alipofika na khanga kavu. Alikaa kwenye kona, kofia magotini, akilitazama yai kama mtu anayetazama chungu kisichotaka kuchemka.

"Mbona halibadiliki?"

"Linabadilika, shemeji," alisema Tusajigwe. "Ila ukilitazama linaona aibu."

"Kama mke wangu."

"Huyo msikilize kwa kicheko tu," alisema Subilaga. "Tangu lini mimi nikaona aibu?"

Rangi ilikuwa imeanza kugeuka ya chungwa, magari ya jopo yalipoingia. Waliyasikia yakikanyaga kokoto, kisha milango, kisha sauti ya Ipyana ikiwakaribisha wakubwa kwa Kiswahili cha sherehe. Simu ya Tusajigwe iliwaka mezani. Ikanyamaza. Ikawaka tena. Hotuba yake ilikuwa mfukoni, imekunjwa, na pembe ya karatasi ilimchoma paja kila alipopumua.

Mlango ulifunguliwa. Dokta Mwambene alikuwa amevaa suti.

"Wamekaa," alisema. "Wanakuita wewe wa kwanza. Mwenyekiti ana safari mchana, hatasubiri." Akaliona yai. Akaona rangi yake. Uso wake ulizeeka papo hapo. "Tusa. Achia. Nitamfungua mwenyewe, kwa mkono wangu, likifunguka tena. Nakuapia."

"Majuma mawili, Dokta."

"Ile kliniki watampa mtu mwingine."

"Najua."

"Huyo mtu mwingine hatakuwa na moyo kama wako. Fikiria ni wangapi ungewasaidia pale Kyela. Kwa ajili ya mmoja unawaacha wote hao?"

Hilo ndilo lililouma, kwa sababu lilikuwa kweli, na kwa sababu Tusajigwe alikuwa amelala na kuamka nalo. Aliiona kliniki: kuta zake nyeupe, benchi la wagonjwa, jina lake mlangoni. Aliuhisi mkono wake ukitoka jasho. Vidole vya Subilaga havikumkaza wala kumsihi. Vilitulia tu, vikingoja kuona.

"Yeye ndiye aliye mbele yangu," alisema. "Nikimwachia huyu, nitawaendea wale wengine na mkono wa namna gani?"

"Nikawaambie nini?"

"Waambie nimeshikwa."

Lusajo alitoa mguno wa kicheko kwenye kona, akajifunika mdomo kwa kofia. Dokta Mwambene hakukasirika. Alisimama akiwatazama wale watu watatu, na chuma kilichokuwa kikiwaka baina ya vidole. Kisha macho yake yakaangukia zile picha mbili zilizolala mezani, mistari miwili ya kijani. Alizichukua zote mbili, akaziweka chini ya kwapa, akatoka, akaufunga mlango taratibu kama unavyoufunga mlango wa chumba cha mtu aliyelala.

Tusajigwe hakujua kama amezichukua akazionyeshe au akazifiche. Alisikia nyayo zake zikielekea ukumbini. Hazikuwa na haraka, na wakati mmoja zilisimama, kwa muda mrefu, kabla ya kuendelea.

Simu haikuwaka tena.

Mvua ilipungua. Kutoka ukumbini zilisikika sauti za watu wengi wakizungumza kwa pamoja, kisha kimya, kisha sauti moja ikiuliza jambo kwa ukali. Rangi ya chungwa ikawa manjano, rangi ambayo hakuna aliyetaka kuitazama chumbani mle, na Subilaga akafumba macho mpaka ikapita. Mkono wa Tusajigwe ulikufa ganzi kuanzia kidole cha mwisho, ganzi ikapanda hadi kiwikoni. Alijaribu kukumbuka hotuba yake, akakuta haina hata neno moja analolihitaji.

Kisha mwanga baina ya vidole vyao ukawa kijani.

"Tayari!" Lusajo alisimama, kofia ikaanguka. "Tayari, si ndiyo? Limekwisha?"

"Limekwisha, shemeji."

Yai lilizimika lenyewe. Halikuwa na kazi tena, wala halikuhitaji tena mkono wa kulishika. Nje milango ya magari ilianza kufungwa, mmoja, mwingine, na mashine zikawashwa. Mbio za dakika moja zingetosha kumkuta mwenyekiti getini.

Subilaga alikuwa bado amefumba macho. Midomo yake ilikuwa ikitembea bila sauti, na kiganja chake, kilichokuwa kimetulia asubuhi yote, sasa kilitetemeka kama kitu kilichotoka kuzaliwa.

Alikuwa hajasema basi.

Tusajigwe akasogeza kiti karibu, akaongeza na mkono wa pili.